Marahaba kwa Redio

Enzi za Ujamaa, televisheni tuliisikia tu kwamba iko Visiwani. Huku bara mtu wa kutazamwa barabarani alikuwa msomaji wa taarifa ya habari redioni, nami nilikuwa mmoja wao. Nilijiona kweli kweli. Kwenye foleni ya sukari Kinondoni, nikifungua mdomo kuuliza jambo watu waligeuka, na sitadanganya, nilikuwa nauliza makusudi.

Mama aliishi Temeke, mji huohuo mmoja, na mimi sikuwa naenda. Nilijiambia kwamba ananisikia kila jioni, kwa hiyo ni kama tumeonana. Upuuzi mtupu! Hata leo nikikumbuka nilivyojiaminisha hivyo, uso unanichoma.

Alipofariki nilifika msibani na viatu vya kazini. Sisi Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi, na msibani mtani ana ruhusa ya kusema lolote, mfiwa hakasiriki. Wanaume waliporudi kutoka kuzika, jirani wa mama, Mnyamwezi wa rika lake, alitoka chumbani amejifunga kanga ya marehemu, mkononi redio ya mama. Akaketi kwenye kigoda cha mama, akajifanya anaiwasha, akakohoa kikohozi cha mama chenyewe.

"Nyie, tulieni basi! Mwanangu anaingia!"

Wanawake mkekani walianza kucheka kabla hajaendelea, nikajua mchezo huu wanaufahamu. Akabana pua, akaniigiza mimi: "Ndugu wasikilizaji, hamjambo." Kisha akaiinamia redio, akajibu taratibu kwa sauti ya mama.

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Kicheko kikalipuka uani. Mama mmoja akaniambia, huku akifuta machozi, kwamba kila jioni ndivyo marehemu alivyoitikia, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kuwa hajaamkiwa. Aibu niliyoisikia sina pa kuilinganisha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale, na viatu vyangu.

Desturi ni kumpa mtani chochote ili aivue nguo ya marehemu. Nikamnyooshea noti. Hakuigusa.

"Hela yako sitaki mie. Mama yako kaitikia miaka yote hii bure. Haya, niamkie."

Nikapiga magoti mbele ya kanga ile. Nilitafuta sauti niliyokuwa nikimwamkia nayo mama utotoni, ile ya harakaharaka, ya Kizaramo, niliyofundishwa kazini kuiacha. Niliitafuta kwa dhati, Mungu anajua. Ikatoka ile nyingine, nzito, iliyonyooka, kila neno mahali pake.

"Shikamoo, mama."

Hakuna aliyecheka. Mtani alinitazama kidogo, kisha akanyoosha mkono, akaizima redio.