Mizani ya Mwalimu na Masufuria

Mkwe wangu ni mwalimu wa hesabu, na Mungu alimnyima mkono wa kuchora: mizani yake ubaoni hufanana na baiskeli iliyogongwa. Vifuko viwili na mawe matatu huku, mawe kumi na moja kule. Ukitoa matatu huku, toa na kule. Kila kifuko kina mawe manne. Bingwa wa haki!

Jana bingwa akamwondolea mwanawe wa kiume zamu ya kuosha vyombo, eti ana mtihani; vyote vikabaki kwa dada yake. Binti, mwenye mtihani huohuo, akamchorea mizani.

“Baba, huku umetoa. Na kule je?”

“Hiyo ni ya darasani, mama.”

“Kwa hiyo mimi nifeli?”

Bingwa akakunja mikono ya shati. Masufuria aliyaosha kama anavyochora.