Nanga Iliyonasa Ghuba ya Mnazi

Wa kunishtua mimi alikuwa hajazaliwa. Nilitoka Nanyamba na gunia la makopa ya muhogo kichwani, darasa la pili sikumaliza, na miaka ile ya ujamaa, wenzangu wakipanga foleni ya sukari, mimi nilikuwa na boti yangu mwenyewe, ya mashine. Mabomu ya ng'ambo ya Ruvuma nilikuwa nayasikia huku nakula ugali. Baruti za wavuvi haramu nimeziona zikirusha maji juu ya minazi, na mtumbwi wao usipate hata ufa.

Kwa hiyo wataalamu walipokuja kupasua mwamba chini ya maji ghubani, wakakodi boti yangu kutundika vipimo, nilimcheka mhandisi wao. Vipimo vyenyewe vikopo vya chuma vilivyozibwa kwa bati la shaba! Vinaning'inizwa majini, kimoja karibu na baruti, kingine mbali zaidi. Ikilipuka, bati linabonyea, nao wanapima limebonyea kiasi gani.

"Ukishafunga cha mwisho, ndugu, rudi nyuma ya boya jekundu, ndipo upandishe bendera," akaniambia. "Silipui bila bendera yako."

Cha mwisho tukakifunga, mimi na shemeji yangu. Nanga ikagoma, imenasa kwenye matumbawe.

"Kata kamba, shemeji," akasema shemeji yangu, panga mkononi.

"Nikate? Nanga kama hii utaipata duka gani siku hizi?"

"Na roho je, inauzwa duka gani?"

"Mwoga wewe. Maji yanapoza kila kitu."

Tukavuta tena. Wapi! Ufukweni king'ora kikalia, wanatusubiri. Nikapandisha bendera palepale.

Shemeji akakaa chini, midomo inatembea na dua. Tukangoja.

Boti ikapigwa kwa chini, ngo! kama mchi kwenye kinu kitupu. Kule mbele bahari ikavimba kidogo, haikuruka hata kimo cha mtu.

"Ndiyo hiyo tu?" nikacheka.

Shemeji alikuwa anatazama miguu yangu. Maji yalishafika vifundoni, yanapanda kati ya mbao. Nikampokonya panga, kamba nikaikata mwenyewe. Tukaelekea pwani, mimi usukani, yeye anakumba maji kwa debe na kunitukana.

Mhandisi hakufoka. Alinionyesha bati la kile kikopo cha mwisho, limebonyea kama kijiko.

"Wavuvi wako wanalipulia juu, nguvu inaishia hewani. Sisi tumelipulia chini. Usipime kwa macho, ndugu."

Mbao, misumari, kalafati ya kuziba nyufa, fundi na nanga mpya nililipa taslimu, sikumkopa mtu: shilingi mia tisa arobaini na mbili na senti hamsini.