Jumapili Zilizoficha Kosa la Driciru

Saa tatu asubuhi, chini ya paneli za umeme wa jua huko Kuluba, wilayani Koboko, Juliet Driciru anasimama mbele ya kamati ya maji akiwa na bisibisi mkononi. Hajaambiwa aketi. Kwenye nguzo iliyo kando yake kimefungwa kisanduku cha kijivu, kidogo kama kitabu cha sala, na ndani yake imo programu ya kuwasha na kuzima pampu ya kisima, aliyoiandika mwenyewe.

"Mashine yako iko na akili sana," anasema Yugu, mwendesha pampu, bila kumtazama. "Sisi ndiyo iko bila maji."

Wanawake wawili watatu wanacheka. Kevina, mwenyekiti wa kamati, hacheki.

Driciru, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hutengeneza simu na kompyuta katika chumba cha kupanga mjini Arua, ambako siku njema humpatia shilingi elfu ishirini. Uandishi wa programu alijifunza peke yake. Leo amekuja kuomba jambo moja: aruhusiwe kurekebisha kosa lake, na kisanduku kibaki.

Kisanduku hicho huendeshwa na programu iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, isiyobadilika kirahisi. Kila badiliko hudai programu nzima iandaliwe upya Arua na kupakiwa tena. Yugu, anayekijua kisima kuliko mtu yeyote, alitaka kubadilisha masharti ya pampu kwa mkono wake. Kwa hiyo Driciru aliweka ndani ya programu hiyo mkalimani, yaani programu ndogo inayosoma maagizo mafupi ya lugha nyepesi, skripti, na kuyatekeleza papo hapo. Yugu huandika sharti fupi kwa simu yake, kwa mfano kwamba kina cha maji kizidi mita nne na jua liwe kali. Kila dakika programu ya C humkabidhi mkalimani sharti hilo, humwuliza kama limetimia, kisha huwasha au huzima pampu kwa kufuata jibu lake.

"Nilijivuna," anakiri. "Mzee Yugu aliandika sharti lake la kwanza, pampu ikamtii. Alinipa kuku."

Lakini kila jibu la mkalimani hubaki katika kumbukumbu ya kisanduku mpaka programu ilitupe, na Driciru alisahau kuiagiza ilitupe. Ni kama mtu anywaye chai na kuacha kila kikombe mezani. Siku moja meza hujaa.

Kwa miezi saba haikujaa. Kila Jumapili Yugu alizima umeme wote, akaenda kanisani, na pampu ikapumzika kama watu. Alipouwasha Jumatatu, kumbukumbu ilianza upya, tupu. Hapakuwa na mtu, hata Driciru mwenyewe, aliyejua kwamba mapumziko hayo ndiyo yaliyokuwa yakilificha kosa.

Kisha kiangazi cha mwaka huu kikakaza. Familia mia mbili na kumi ziliomba pampu isizimwe hata Jumapili, na kamati ikakubali. Siku ya tisa, baada ya majibu karibu elfu kumi na tatu, kumbukumbu ilijaa, programu ikakwama, pampu ikanyamaza. Yugu alikuwa msibani ng'ambo ya mpaka, na ufunguo wa swichi ya umeme alikuwa nao. Bomba la zamani la kupampu kwa mkono lilikuwa limekwisha kung'olewa. Kwa siku tatu watu walikunywa maji ya kijito.

Watoto kumi na mmoja walipelekwa kituo cha afya kwa kuhara. Kumi walirudi. Wa kumi na mmoja alikuwa mjukuu wa Kevina.

"Kuzima na kuwasha tu kungetosha," Driciru anasema kwa sauti ya chini.

Mbele ya kamati anaeleza yote, wala hajitetei. Kosa ni lake. Dawa yake ni mstari mmoja wa programu.

"Mustari moja?" anauliza Kevina.

"Ndiyo, mama."

"Na pale Arua ulijaribu hii kitu siku ngapi?"

"Siku mbili."

"Mbili!" Yugu anajipiga paja. "Mimi, hata mbuzi ya kununua, naangalia siku tatu!"

Safari hii hakuna anayecheka.

"Mimi sina hasira na wewe, mutoto yangu," anasema Kevina. "Lakini toa. Tutarudisha bomba ya mukono. Ile ikikufa, kila mutu anaona iko imekufa."

Driciru habishi. Anafungua parafujo nne, moja baada ya nyingine, na kukitia kisanduku katika mfuko.

Kipo kingine kama hicho Adumi, alikozaliwa, ambako mama yake huteka maji kila asubuhi. Huko pampu bado huzimwa Jumapili, kwa hiyo haijakwama hata mara moja, na watu humsifu. Anapoulizwa kwa nini asiende kuongeza mstari ule kimyakimya, anatikisa kichwa.

"Hata mara ya kwanza nilikuwa na uhakika," anasema.

Mpango wake ni kwenda Adumi kesho, awaeleze yaliyotokea Kuluba kabla hawajayasikia kwa wengine, kisha waamue wenyewe kama kisanduku kitabaki.

"Mama atasema kibaki, kwa sababu ni mama," anasema. "Nitamwomba asipige kura."