Ukurasa wa Tano Sikuufunua

Kwa miaka sita nilisoma magazeti redioni, hapa Dodoma. Kazi yenyewe mnaijua: asubuhi mapema unasoma vichwa vya habari kwa mbwembwe, unatia chumvi kidogo, basi. Habari ya ndani hatukugusa. Msikilizaji akitaka, akanunue gazeti lake. Nilipendwa, jamani. Sokoni nikiuliza bei tu, watu wanageuka: "Si yule wa magazeti huyu?" Na mimi kichwa kinavimba.

Asubuhi hiyo gazeti moja lilikuja na herufi nyekundu: VIDONGE VYA KUZUIA UKIMWI, FIGO HATARINI. Ni vile anavyomeza mtu asiye na virusi ili asiambukizwe. Nikasoma polepole, nikarudia maneno mawili ya mwisho. Halafu nikaongeza la kwangu, ambalo halikuandikwa popote: "Mh, makubwa! Huku si kuruka majivu na kukanyaga moto?" Mwenzangu studioni akacheka mpaka akakohoa. Tukahamia kwenye mpira.

Kule Makutupora, nje kidogo ya mji, mke wa kaka yangu alikuwa ananisikiliza. Wifi analima zabibu, na asubuhi huning'iniza kiredio chake kwenye waya wa mizabibu ili anisikie huku anapalilia. Jambo nisilolijua ni kwamba kaka alikuwa amekutwa na virusi, na ndio kwanza alikuwa ameanza dawa za kufubaza. Wifi alipima akawa mzima. Akapewa vile vidonge vimkinge mpaka virusi vya mumewe vifubae, maana walikuwa bado wanataka mtoto wa pili. Mimi hawakuniambia. Siri kama hiyo, nani angempa mtu wa redio?

Jioni akanipigia simu.

"Wifi, lile la figo ni kweli?"

"Gazeti ndivyo lilivyoandika."

"Kwa hiyo anayevitumia aache?"

Nilikuwa namenya vitunguu, simu nimeibana begani. Nikamjibu kama daktari bingwa: "Mimi nisingevigusa."

Akaniuliza kama mvua imenyesha mjini. Hata sikumuuliza, wifi, wewe vidonge hivyo vinakuhusu nini? Neno hilo moja tu lingetosha. Lakini nilipenda kuulizwa, nikapenda zaidi kujibu.

Miezi ikapita. Siku moja kaka akaja kwangu, akakaa bila kuvua kofia. Akanieleza yote tangu mwanzo, kisha akasema wifi amepima tena na sasa naye ana virusi. "Aliacha vidonge. Hata mimi hakuniambia. Anasema wewe ndiye uliyemshauri." Hakufoka. Laiti angefoka! Nilibaki nimekodoa macho sakafuni, naona haya kumtazama ndugu yangu wa tumbo moja.

Kesho yake nikachimbua rundo la magazeti ofisini mpaka nikalipata. Ukurasa wa tano, chini kabisa, juu ya tangazo la viwanja, daktari alikuwa ameeleza vizuri tu: shida ya figo huwapata wachache, ndiyo maana mtumiaji hupimwa, na mtu asiache dawa kabla ya kuonana na mhudumu wa afya. Mistari minne. Gazeti nilikuwa nalo mkononi siku ile! Walioandika kile kichwa wana lao la kujibu, lakini mimi nilikuwa na ukurasa mmoja tu wa kufunua.

Nilimwomba mkuu wa kipindi nisahihishe. Akasema habari imeshachacha. Nami, Mungu anisamehe, nilishukuru moyoni. Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu kila asubuhi, ningeweza kusema bila kumwomba mtu ruhusa. Niliogopa watu wataniuliza, kulikoni leo? Nikaendelea kusoma mpira. Na huko nje sijui ni nani wengine walionisikia wakaviacha.

Msimu wa mavuno nikaenda Makutupora. Nilimkuta wifi shambani, nikaanza kuomba radhi, kilio kikanizidi. Akanipa mkasi. "Lia huku unakata, wifi. Zabibu hazingoji msiba wa mtu."

Tukakata mpaka mchana. Tulipomaliza ugali na mlenda akatoa kopo la dawa zake, hizi za kufubaza, ambazo sasa atameza siku zote za maisha yake. Akatia kidonge mdomoni, akashushia maji. Na mimi, sijui shetani gani alinituma, nikauliza:

"Hizi huziogopi, wifi?"

Akafunga kopo taratibu, akalirudisha kwenye kanga. Alitabasamu vilevile anavyonitania siku zote.

"Nitaziogopaje?" akasema. "Hizi bado hujazisoma redioni."