Mgomo wa Saa Mbili

Mimi ni mtu wa kusahihisha watu. Nilifundisha Kiswahili sekondari Morogoro kwa miaka sita kabla sijaja Sydney, na ugonjwa ule nilipanda nao ndege. Mtu akisema "masaa" mbele yangu, sinyamazi. Saa ni saa, namwambia, ziwe mbili au mia. Kiwandani nilikofanya kazi, St Marys, walinizoea. Mama mmoja wa Uvira, Kongo, aliyekuwa mashine ya pili kutoka kwangu, alinibatiza Mwalimu, na alikuwa akitumia neno lile makusudi ili anione nikikunja uso.

"Mwalimu, leo nimelala masaa tatu tu!"

"Saa tatu, mama."

"Ee, masaa tatu. Si ndivyo nimesema?"

Nilikuwa nampenda, na nilikuwa mdomo wake. Alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na moja, lakini Kiingereza chake kilikuwa cha asubuhi njema na asante. Notisi ikibandikwa, nilimsomea. Msimamizi akisema jambo, nilimtafsiria. Kazi hiyo sikulipwa, na nilijivuna nayo kuliko ile niliyolipwa.

Kiwanda kilikuwa cha Wamarekani, kikitengeneza vichujio vya hewa vya malori. Mashine zetu za kukunja karatasi zilikuwa kongwe na zilitoka kwao. Ubavuni zilikuwa na vibao vya bati vyenye jina la mji ambao hakuna aliyeujua isipokuwa mjumbe wetu wa chama cha wafanyakazi. Huyu alikuwa fundi mitambo, mzee wa Kiaustralia mwenye sauti ya kukwaruza. Ujanani kampuni ilimtuma Marekani kwenda kuzifungua mashine hizo na kuzipakia. Alituambia waliomshikia spana walikuwa wafanyakazi wenyewe wa kiwanda kile, wakiwa kwenye wiki zao za mwisho. Mmoja alimwonyesha mashine ipi hukwama na jinsi ya kuibembeleza. Chama chao kilikuwa na nguvu, alisema, lakini kilipoanza kupiga kelele nusu ya mashine zilikuwa zimeshapigiliwa ndani ya makreti.

Mwaka jana ikawa zamu yetu. Kampuni ilitangaza kwamba mashine zinahamia nchi nyingine, na kiwanda kitafungwa kabla ya Krismasi. Hakuna aliyeota kuzuia hilo. Tulichodai ni kiinua mgongo cha haki kwa kila mtu na barua safi ya kazi, ya kumwonyesha mwajiri mwingine. Kampuni nayo ilianza kutuchuja mmoja mmoja. Wawili walifukuzwa kwa makosa ambayo zamani yangeishia kwenye onyo, na aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu aliondoka mikono mitupu. Tukawa tunatembea kama watu waliobeba trei za mayai.

Yule mama ndiye aliyekuwa na hofu kuliko wote. Alikuwa anakaribia sitini, akikaa Macquarie Fields na wajukuu wawili, akija kazini kwa treni mbili. Kwa umri wake na kwa Kiingereza chake, hakuna kiwanda kingine ambacho kingemchukua. Kiinua mgongo kile ndicho kingemvusha mpaka apate pensheni.

Chama kikaitisha mgomo mfupi. Sheria ya hapa ni kali: unagoma kwa muda uliomwandikia mwajiri, wala si dakika moja kabla. Mjumbe alinikuta mlangoni wakati wa kutoka, akaniambia, "Kesho, muda wa saa mbili, kuanzia saa nne. Iko ubaoni. Mwambie mama yako." Yule mama alikuwa ameshawahi treni yake. Nami nikapanda yangu kurudi Penrith, vituo vitatu tu, na njiani nikamwandikia kwenye simu, haraka haraka: "Kesho kuna mgomo wa saa mbili. Zima mashine, usiguse kitu, usibishane na mtu." Akajibu kwa kidole gumba. Nikaweka simu mkobani, nikawaza mboga.

Asubuhi tulianza zamu saa kumi na mbili kama kawaida. Saa mbili kamili nilisikia mlio wa karibu yangu ukipungua. Nikageuka. Mama alikuwa ameizima mashine yake, amevua glavu, amezikunja na kuziweka mezani, na amesimama wima mikono ikiwa tumboni, kama mtu aliye kwenye ibada. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Mashine zote nyingine zilikuwa zinakunja karatasi. Akaniangalia mimi, mimi nami nikaangalia saa ya ukutani.

Saa mbili. Nilikuwa nimemaanisha muda, yeye akasoma saa ya kuanza. Kama ningeandika masaa mawili, kama watu wote wa Mungu wanavyosema, angeelewa. Lakini Mwalimu hawezi kuandika masaa.

Nilianza kumpungia mkono aiwashe tena. Msimamizi alikuwa ameshafika.

"Kuna nini, mama? Imeharibika?"

"Straiki," alisema yule mama, kwa sauti ya mtu aliyelifanyia neno hilo mazoezi.

Hawakumpa nafasi ya kurudi. Baada ya nusu saa nikaitwa ofisini. Afisa utumishi alikuwa amekaa nyuma ya meza na fomu, msimamizi kando yake. Mjumbe alikuwa ameketi na yule mama upande wa pili. Mkalimani wa simu angechukua muda kupatikana, afisa alisema, kwa hiyo ningetafsiri mimi kama kawaida yangu. Mjumbe akakubali, aliniamini. Nikakaa. Niliiona simu ya mama ikiwa imetuna kwenye mfuko wa aproni yake, na ndani ya simu ile mlikuwa na maneno yangu.

"Muulize," afisa alisema, "nani alimwambia aache kufanya kazi saa mbili."

Mjumbe aliinama mbele. "Na mwambie hivi: kama kuna mtu alichanganya maneno, sasa ndiyo wakati wa kusema. Kosa la lugha naweza kulitetea."

Nilielewa nafasi aliyokuwa anatupatia. Nilielewa pia upande wake wa pili: aliyemchochea mwenzake kugoma nje ya muda naye ana kesi. Nilikuwa na watoto wawili shuleni, na mume aliyekuwa akipata vibarua vya wiki moja moja. Nikamgeukia mama nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama natafsiri:

"Mama, kosa ni langu. Nilimaanisha muda. Mgomo unaanza saa nne. Wanataka kujua nani alikuambia."

"Nimefahamu kitambo," alisema. Hakuinua sauti wala mkono. "Nimeona uso yako pale ndani. Weye uko na batoto ba masomo. Sema hakuna mtu. Sema nimeamua mimi peke yangu."

"Watakufukuza."

"Na weye je, watakuacha? Tufukuzwe bote mbili, iko na faida gani? Sema, Mwalimu. Banatuangalia."

"Anasema mengi," afisa alisema, kalamu ikiwa juu ya karatasi. "Anasemaje?"

Mjumbe alikuwa ananiangalia machoni. Ningeweza kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi, na Kiingereza changu ni kizuri. Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulieleza hili, na kila nilipojaribu kulipamba limekataa. Niliogopa, na mtu aliyekuwa na mengi zaidi ya kupoteza alikuwa amenifungulia mlango, nikapita.

"Anasema hakuna aliyemwambia," nikasema. "Aliamua mwenyewe."

Mjumbe aliegemea kiti, akafumba macho. Afisa aliandika, akageuza fomu, akanionyesha mstari wa chini ambapo mkalimani anathibitisha kwamba ametafsiri kwa usahihi. Nikatia sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wa ubaoni.

Mama alitolewa getini kabla ya chai, na mfuko wa plastiki wenye viatu na kikombe chake. Saa nne sote tulizima mashine tukatoka nje. Watu waliimba. Mjumbe alipanda juu ya kreti, akasema kuna mwenzetu amefukuzwa asubuhi hii baada ya miaka kumi na moja, wakampigia makofi, na mikono yangu nayo ikapiga. Sikuweza kuendelea. Nilimvuta mjumbe pembeni nikamwambia yote, nikamwonyesha ujumbe kwenye simu yangu.

Aliusoma ingawa hakuelewa neno. Nilitarajia anitukane.

"Mle ndani ningeweza kuutumia," alisema. "Kwa nini hukusema mle ndani?"

Tulirudi ofisini mchana ule ule, yeye na mimi. Afisa alitusikiliza mpaka mwisho, akautazama ujumbe ambao hapo ofisini hakuna mwingine wa kuutafsiri ila mimi, kisha akatoa fomu kwenye faili. Akauliza ni upi uongo, huu wa sasa au ule wenye sahihi yangu. Kwake ilikuwa hila ya chama, rafiki anajitoa mhanga baada ya mambo kuharibika. Hakuniadhibu hata mimi. Hakuniamini kiasi cha kuniadhibu. Chama kilikata rufaa, na kila mahali rufaa ilipofika, karatasi ile ilikuwa imeshatangulia.

Mimi nilibaki hadi siku ya mwisho. Niliziona mashine zikifunguliwa, na nikamshikia mjumbe spana kwenye ile yangu, kwa sababu aliniomba na kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Tangu siku ile ya ofisini alikuwa anaongea nami mambo ya kazi tu. Nilipata kiinua mgongo changu kamili na barua.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Macquarie Fields kwa yule mama. Kumwomba msamaha nilikuwa nimeshamwomba mara nyingi, naye kila mara alinikatiza na kuulizia watoto. Safari hii alinimiminia chai, akaiona bahasha ya kampuni kwenye mkoba wangu.

"Ni barua yako hiyo? Nisomee," alisema. "Nataka kusikia mambo bangeandika juu yangu."

Nilimwambia haina maana. Akasukuma kikombe changu pembeni ili meza iwe wazi, akangoja. Nikaifungua nikaanza kumtafsiria, sentensi kwa sentensi, bila kuruka kitu. Ilisema nilifika kazini kwa wakati. Ilisema nilishirikiana vizuri na wenzangu. Nikafika pale inaposema kwamba kwa miaka yote nimekuwa mfanyakazi mwaminifu, nikaacha kutafsiri.

Mama hakunitazama. Alikuwa ameweka kidole juu ya karatasi, penye mstari ule ambao hakuweza kuusoma.

"Endelea, Mwalimu," alisema. "Hapa banasema nini?"