Ramani Isiyo na Mwezi

Ipo siku moja naikumbuka kila nionapo ramani ukutani, mwanangu, na kwa kuwa nawe umechagua kusoma jiografia chuoni, nitakusimulia. Usiogope, sitakuchosha sana.

Mimi ni mtoto wa Marodoka, kisiwani Nosy Be. Kiswahili hiki nimekipata ukubwani, nilipoolewa Unguja. Kwetu kilikuwa kimebaki maneno ya dini, ya biashara na ya bahari tu, mengine yote tulisema Kimalagasi. Tangu udogo nilikuwa na maradhi ya kuuliza. Kwa nini udongo wa nyuma ya nyumba ni mweusi na wa njiani mwekundu? Kwa nini maziwa yetu yamekaa juu vilimani, ndani ya mashimo ya volkano, na hayamwagiki? Baba alichoka nami, akasema afadhali nikawaulize Wafaransa, maana wao ndio wenye vitabu. Ndivyo nilivyofika chuo cha juu Antananarivo, miaka ya mwisho mwisho ya utawala wao, msichana mmoja katikati ya wavulana.

Somo letu lilikuwa na pande mbili: mazingira ya asili, yaani mito, udongo na mvua, kisha jamii ya watu. Upande wa kwanza niliupenda mpaka nikausahau wa pili.

Likizo moja, wakati wa mvua, mwalimu wetu Mfaransa alimtuma kila mmoja akachore ramani ya mahali. Mimi nilikwenda Mahajanga, nikafikia kwa mama mdogo, mtaa wa Antanimasaja. Nilichukua mtumbwi kijijini Boanamary, tukaupandisha mto Betsiboka hadi maji ya chumvi yakaisha. Lo, maji yale! Mekundu kama mchuzi wa nyanya. Nikayachota kwenye chupa, nikayaacha yatulie, nikapima tope lililobaki chini. Limetoka kilima gani? Limesafiri siku ngapi? Nilifurahi kupita kiasi. Ukingoni bonde zima lilikuwa limefunikwa na maji, nami nikaandika kwenye ramani: "Kinamasi. Hakuna matumizi." Watu walikuwapo, wamekaa mbele ya vijumba vyao kilimani wakinitazama. Sikuwauliza hata neno.

Ramani ilisifiwa, ikatundikwa darasani. Baadaye nikasikia kwamba mlowezi mmoja aliyetafuta ardhi ya kulima tumbaku ameiomba nakala yake, aipeleke ofisi ya ardhi. Siku hizo ardhi isiyotumiwa na mtu serikali ilimpa iliyemtaka. Nami mjinga nikavimba kichwa, ramani yangu imefika ofisini! Kisha ikaja barua ya mama mdogo: njoo upesi, yuko mzee anakutafuta.

Nilikwenda kiangazi. Mzee mwenyewe alikuwa Dadi Zaina, mjane wa kule mtoni, ambako watu wa ofisi ya ardhi walikuwa wamekwisha fika na ramani yangu mkononi. Dadi kwetu ni bibi. Hakunikaripia. Alinishika mkono akaniteremsha bondeni. Maji yalikuwa yamekwenda zake, na pale nilipoandika kinamasi palikuwa na maharage, mahindi na mpunga hadi macho yalipokoma. Kila mwaka mto hulifunika bonde, huliachia tope, hushuka, nao hulima nyuma yake. Tope lililokuwa chupani mwangu ndilo mbolea yao. Ardhi ya namna hiyo wanaiita baiboho. Hata jina inalo, mwanangu, nami sikulijua.

"Wewe ndiye uliyechora?" aliniuliza kwa Kimalagasi.

"Ndiyo, Dadi."

"Ulikuja mwezi gani?"

"Wakati wa mvua."

Alicheka kidogo, bila furaha. "Mjukuu wangu, umenikuta naoga, ukaenda kuandika kwamba sina nguo."

Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka. Nikamwomba anionyeshe yote, na kwa siku tatu tulizunguka shamba kwa shamba. Nikamuuliza, mipaka mnaijuaje na mto hufuta kila kitu? Akanisimamisha mahali, akanionyesha miti miwili kilimani: ikikaa mstari mmoja, hapo ndipo mwisho wa shamba lake. Kila familia na miti yake! Mimi niliyejiona msomi nilikuwa nimeichora miti ile kama pambo.

Nilirudi chuoni na ramani mpya, nikamwomba mwalimu aitungue ya zamani mbele ya wenzangu. Alikunja uso. Akaitazama sana ile mpya, kisha akasema, "Hata mimi sikukuuliza mwezi." Siku hiyo hiyo aliandika barua kwa ofisi ya ardhi.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Barua iliokoa sehemu ya juu ya bonde. Ya chini ilikuwa imekwisha kutolewa, na shamba la Dadi Zaina lilikuwa huko chini. Mwaka uliofuata nilimkuta anapalilia tumbaku ya mtu kwa kibarua, palepale palipokuwa shamba lake mwenyewe. Alinyoosha mgongo, akaniuliza kama nimefaulu mtihani.

Nilikuwa nimefaulu.

Basi, mwanangu, kuuliza si ujinga, wahenga hawakukosea. Ila kuuliza udongo ukamwacha anayeulima, huo ndio ujinga, na mimi niliufanya nikapewa alama nzuri. Ukifika mahali pa watu, usitangulize kalamu mbele ya salamu. Uliza mahali pale pakoje miezi ambayo wewe hupo, na nani anayepajua kwa jina. Na ukigundua umekosea rudi mwenyewe, rudi siku ile ile, usingoje kuitwa kama nilivyongoja mimi.

Nenda kasome. Mungu akuzidishie hamu ya kujua, akupe subira ya kusikiliza, na akujaalie elimu ambayo hakuna bibi wa mtu atakayeilipia. Amina.