Zikatwe Kabla Sijaziona

Kwenye kiwanda cha dobi walimwita Bi Kesho, na yeye aliitika bila kununa, kwa sababu jina alijitafutia mwenyewe. Kila Jumamosi wapiga pasi wenzake walipomuuliza kama ameanza kuweka akiba, alijibu kwamba anaanza kesho. Kesho yenyewe ilikuwa Jumapili, na Jumapili haikuwahi kumkuta na kitu.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, mrefu, mwenye makovu madogo ya pasi kwenye mikono yote miwili. Kazi yake ilikuwa mashuka ya hoteli. Alisimama kutwa mbele ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, mvuke ukimpanda usoni, akinyoosha shuka moja baada ya jingine. Msimamizi alikuwa akisema kwamba shuka likishapita mikononi mwa Bi Kesho, hata nzi akitua atateleza. Kwa kazi hakuna aliyemshinda.

Tatizo lilikuwa bahasha. Walilipwa kila Jumamosi saa nane mchana, na kutoka getini hadi kwake ni mwendo wa dakika ishirini, wenye maduka pande zote mbili. Hakuwa mlevi wala mcheza kamari, wala hakuwa na mwanamume wa kumhonga. Angekuwa na moja kati ya hayo, watu wangemwelewa. Yeye alinunua vitu vidogo vidogo: soda mbili, moja yake na moja ya mwenzake waliyeongozana, mafuta ya nywele, kitambaa cha meza, na meza hana. Akikutana na mtu mwenye shida, alitoa kabla hajaombwa. Pesa mkononi mwake zilikuwa kama kaa la moto, hakupumua mpaka azitupe. Akifika nyumbani bahasha imenywea, anajilaumu, anaapa, na juma linalofuata anarudia yale yale.

Aliishi na mama yake katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la mabati na misumari. Mama alikuwa akifuma masweta ya wanafunzi. Mwaka ule alitoa sweta lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, na mwenye kulinunua alipolirudisha, mama alilipapasa akasema ni nyuzi za siku hizi. La pili likatoka hivyo hivyo. Ndipo Bi Kesho akampeleka kwa daktari wa macho.

Daktari aliwaeleza taratibu. Macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na hilo lina operesheni. Lakini kuna ubaya mwingine nyuma yake: presha ya macho imepanda, nayo inaua mshipa wa kuonea polepole, bila maumivu. Mama atumie dawa ya matone kila siku, asiruke hata moja, na operesheni ifanyike ndani ya miezi mitatu. Mshipa ukishakufa, alisema, haufufuki.

Bi Kesho alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, mpishi wa shule ya bweni upande wa pili wa mji. Dada aliposikia habari hakulia. Aliuza cherehani yake, ile aliyoshonea nguo za watu siku za mapumziko, akaleta nusu ya gharama akiwa ameifunga kwenye leso. Nusu nyingine ingetoka kwenye bahasha za Bi Kesho, kidogo kidogo, kwa majuma kumi na mbili. Kwa kuwa mama alikaa kwa mdogo, pesa zote zingekaa huko. Wakanunua kibubu cha mbao kisichokuwa na mlango, chenye tundu juu tu, kikawekwa chini ya kitanda cha mama.

Juma la kwanza Bi Kesho aliweka. La pili akaweka. Jumamosi moja jirani alipita akiuza viatu vya mtumba, na kulikuwa na jozi moja iliyomkaa kama alipimiwa. Akachukua kisu cha mezani, akakiingiza kwenye tundu, akakipinda hadi noti moja ikateleza juu ya ubapa wake ikatoka. Alijiambia ameazima tu. Ya pili aliitoa kwa ajili ya mfanyakazi mwenzake aliyefiwa. Ya tatu hakumbuki ilikuwa ya nini. Baadaye akawa mwepesi wa kisu kuliko alivyokuwa mwepesi wa pasi. Hata dawa ya matone ilipoisha, zilipita siku tisa kabla ya kununuliwa nyingine, na mwezi uliofuata siku kumi na mbili. Mama hakuuliza.

Asubuhi ya siku waliyopanga kwenda hospitali, dada alifika na teksi ya kukodi. Mama alikuwa ameshavaa, ameketi kitandani na mkoba wake mapajani. Dada akainama akavuta kibubu, na alipokiinua tu, mikono yake ilijua. Hakukivunja kwa hasira. Alikwenda kuazima nyundo dukani, akakipasua sakafuni, akahesabu. Zilibaki chache, hata robo ya ile nusu aliyoileta yeye hazikufika.

Bi Kesho alisimama mlangoni akingoja atukanwe. Dada alimtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Niambie umenunua nini, mdogo wangu. Nionyeshe angalau nikione."

Bi Kesho akatupa macho chumba kizima. Kitambaa cha meza. Viatu, ambavyo soli zake zilikwisha kubanduka. Hakukuwa na kitu cha kuonyesha, na hilo ndilo lililomvunja zaidi ya lawama yoyote. Angekuwa amenunua hata redio.

Dada alimlipa dereva kwa kuja bure, akambusu mama kwenye paji la uso, akaondoka. Walipobaki wawili, Bi Kesho alipiga magoti miguuni pa mama akaanza kueleza. Mama akamkatisha.

"Mimi nilikuwa nasikia, mwanangu. Kisu kina sauti. Kila mara nikasema, labda hii ndiyo ya mwisho."

Siku mbili Bi Kesho alikwenda kazini na kurudi kama mtu aliyepigwa na kitu kizito kichwani. Wenzake walimshauri ajikaze kisabuni, kwamba akiba ni moyo tu. Lakini yeye alikuwa ameshajijua. Moyo wa kujikaza hakuwa nao. Aliutafuta miaka yote na hakuuona, na kuendelea kuungoja ni kumngoja mgeni ambaye hajaalikwa. Siku ya tatu, wakati wa mapumziko, alipanda ngazi hadi kwa mhasibu, mzee mkavu aliyevaa sweta hata siku za joto.

Mzee alidhani amekuja kuomba mshahara wa mbele. Bi Kesho akasema hapana. Anataka kila Jumamosi theluthi ya pesa zake zikatwe, zipelekwe benki moja kwa moja.

"Zikatwe kabla sijaziona," alisema. "Nikiziona tu, zimekwisha."

Mzee aliweka kalamu chini. Akamuuliza ni nani atakayeruhusiwa kuzitoa. Bi Kesho akasema iandikwe jina la dada yake, lake lisiwepo kabisa. Basi dada lazima aje kutia saini, mzee akamwambia.

Jumapili ile alikwenda shuleni. Alimkuta dada jikoni akisugua sufuria kubwa kama pipa. Hakuambiwa karibu wala hakupewa kigoda. Alieleza alichokuja kueleza akiwa amesimama, na dada akaendelea kusugua mpaka mwisho, kisha akauliza ofisi inafunguliwa saa ngapi. Jumatatu alikuja akatia saini, akashuka ngazi bila kupita chumba cha pasi.

Bahasha sasa ilikuja nyembamba. Njia ilikuwa ile ile na maduka yale yale, na Bi Kesho alimaliza kila kilichokuwamo, kama zamani. Hakubadilika hata kidogo. Tofauti ni kwamba alichomaliza kilikuwa kidogo. Juma la tano alipanda ngazi, akamdanganya mzee kwamba mama amezidiwa, anahitaji zile pesa leo leo. Mzee alimjibu kwa upole amlete dada. Juma la nane alipanda tena, safari hii akilia machozi ya kweli, ingawa mwenyewe hakujua anachokililia. Jibu likawa lile lile. Alimtukana mzee wa watu kimoyomoyo siku nzima. Jumamosi ya kumi alipita getini bila kukumbuka kwamba kuna kitu kimekatwa.

Zilihitajika Jumamosi thelathini na moja kufikisha gharama ya operesheni.

Daktari alimmulika mama macho. Akauliza dawa ya matone ilitumikaje. Bi Kesho alisema ukweli, dada akiwa amesimama pembeni. Jicho la kushoto, daktari akasema, halina tena faida ya kufanyiwa chochote. La kulia atalijaribu, lakini wasitegemee makubwa.

Bandeji ilipotolewa, mama aliona dirisha. Aliona kwamba kuna watu wawili mbele yake, mmoja mrefu. Sura hakuziona, na mpaka leo hazioni. Alinyoosha mkono akampapasa mrefu mashavuni, akasema, "Umekonda."

Siku za kwanza nyumbani mama aliomba sindano zake za kufumia. Alifuma mistari minne kwa vidole, akaifumua, akazirudisha sindano kwenye mkoba. Hakuziomba tena.

Mwezi ule mzee wa hesabu alimwita Bi Kesho kumuuliza kama sasa aache kukata, maana shughuli imekwisha. Bi Kesho alisema aendelee. Mzee akauliza aandike ni kwa ajili ya nini, fomu ina nafasi yake. Bi Kesho alifikiri, akamwambia aandike matone. Jicho lile la kulia bado lina mshipa kidogo, na dawa ni ya maisha.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi dada huenda benki, hununua chupa ya dawa, huileta mwenyewe. Humlaza mama chali, humtia tone la kwanza, humfuta shavu, humpa habari za shuleni. Bi Kesho humtengea chai. Siku nyingine dada huinywa, siku nyingine huiacha ikapoa. Wanazungumza, si kwamba hawazungumzi. Chenji ya dukani, hata iwe sarafu moja, dada huihesabu na kuitia kwenye pochi yake kabla ya kuinuka, na Bi Kesho, anayemwona akifanya hivyo, huendelea kukunja nguo za mama.